Mawe ya Igogo

Huku kwetu Igogo, mlimani,
nyumba zimebebwa na mawe kama watoto mgongoni,
na mawe yenyewe yana kesi nyingi
kuliko vibaka wa stendi.

Jiwe la kwa Magesa lilimng'oa Nyamisi meno mawili.
Jiwe la bombani lilimvunja Milembe mkono,
mimba ina miezi sita.
La nyuma ya choo cha mama Bugumba
humpiga mtu jicho la kushoto tu,
kila mwisho wa mwezi,
mshahara wa kiwanda cha samaki ukitoka.

"Niliteleza kwenye mawe."
Muuguzi wa zahanati haulizi tena.
Anaandika "kuanguka",
anakata plasta kwa meno,
anaita: mwingine.

Ajabu ya mawe haya:
mbuzi hawatelezi.
Watoto wanashuka mbio kwenda shule, kandambili zimekatika,
hawatelezi.
Vijana wanapandisha madumu ya maji, mti begani,
hawatelezi.
Na waume zetu wanarudi usiku wa manane
wamelewa hadi wanamwamkia mbwa shikamoo,
wanapita juu ya mawe hayohayo, gizani,
wanafika mlangoni wazima.

Mawe ya Igogo huangusha wake za watu.

Kwenye kicheni pati ya Kwandu
shangazi mtu alishika kipaza sauti:
"Mwanangu, mke ni kifuniko. Chungu kikichemka, funika."
Tukapiga vigelegele, sare za kitenge zinatubana.
Mimi nilianza.

Nkwimba alipotokea kwa baba yake na kibegi,
mzee alimpa uji, akampa nauli ya kurudi.
"Ng'ombe wameshaliwa," alisema,
"sasa nirudishe mifupa?"
Mjumbe akasema hayo ni ya chumbani.
Mchungaji, mtu mwema, alichangisha saruji,
tukajengewa ngazi, na vyuma vya kushikilia.
Nkwimba akaanguka Jumatano iliyofuata.
Ngazini hakuwa amefika.

Mimi nina redio.
Ukuta wetu na Nkwimba ni mmoja, tofali za kusimamisha,
na jiwe likianza kazi yake ng'ambo
naongeza sauti: bei ya pamba, salamu za wasikilizaji,
mvua zitakazonyesha Ukerewe.
Najua hali ya hewa ya nchi nzima.

Kisha usiku mmoja umeme ulikatika.

Nilisikia yote. Nilisikia hata alivyokuwa akijibana
ili watoto wasiamke.
Nikachukua kikombe, nikatoka, nikabisha hodi.
Saa saba.
"Naomba chumvi."
"Chumvi?" Mumewe alikuwa anahema, shati limelowa.
"Chumvi," nikasema. Sikuwa na la pili.
Akaniletea mfuko mzima, akafunga.
Nikabaki pale nje na mfuko wangu
kama mlinzi aliyelipwa mapema.
Kulikuwa kimya. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Asubuhi Nkwimba aliteremka, kanga imefika kwenye nyusi.
"Jana niliteleza..."
"Jiwe lipi?" nikamkatiza. "Twende ukanionyeshe."

Hakwenda. Alitazama chini kule,
feri ya Kamanga ikigeuza pua polepole,
watu wadogo wadogo na baiskeli zao.
Halafu akanigeukia:
"Na lako wewe, lilikuwa lipi?"

Langu.
Langu lipo nyuma ya jiko.
Miaka tisa nililisingizia,
hadi mwenyewe alipozikwa, wasifu ukasomwa,
nikasimama kushukuru kwa niaba ya familia.
Siku hizi naanikia dagaa juu yake.
Adhuhuri huwa na joto, ukilalisha shavu unahisi.
Limejaa magamba na alama za chumvi.
Halijawahi kuinuka hapo lilipo.